Kwa nini mzazi wako haachi kusahau vidonge vya presha

Wengi wanaoacha dawa za presha si wakaidi. Presha ya 170/100 huweza isiume popote. Mtu akimeza dawa mwezi mmoja, akapimwa 128/80 na kuambiwa "iko sawa", huona amepona, akaviweka vidonge kando. Mwambie mzazi wako waziwazi: iko sawa kwa sababu ya kidonge. Akiacha itapanda tena kimyakimya, na huenda dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Wengine hukimbizwa na dawa yenyewe, na hili ndilo linalotuuma zaidi, maana dawa yake ipo. Amlodipini, hasa ya miligramu 10, huvimbisha vifundo vya miguu. Mama akiona ndara zinambana jioni hudhani figo zimekufa, akaacha bila kumwambia mtu. Enalaprili nayo huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kifua. Rudini kwa daktari: dozi ya amlodipini hupunguzwa, na enalaprili hubadilishwa kwa losatani, ambayo ni nadra kumkohoza mtu.

Kidonge cha presha cha kukojoza humezwa asubuhi. Lakini mwanamke anayetoka Kizingitini kwenda Amu (mji wa Lamu) kwa boti atajisitiri wapi? Basi siku ya safari hukiruka, na safari zikizidi huzoea kukiruka. Ameze akishafika, kuchelewa saa chache si neno. Ramadhani ikikaribia, aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe kwa futari na daku. Asizikatize mwenyewe.

Upepo wa kusi ukichafua bahari, usafiri wa visiwani Lamu, kama Pate, Faza na Ndau, huwa wa taabu. Vikibaki vidonge 10, safari ya kufuata vingine ianze. Presha ikiwa imetulia, ombeni dawa za miezi miwili kwa mpigo.

Tazama pia mkobani. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ya magoti na mgongo, hupandisha presha, kisha mzee husema "hizi dawa zenu hazinifai". Ng'onda naye, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, chumvi ipungue.

Ukiuliza, "Mama, umemeza dawa?" atajibu ndiyo. Muombe mhesabu pamoja. Kama anameza kimoja kwa siku na alipewa 30 siku 20 zilizopita, vibaki 10. Vikiwa 19, usimkaripie. Muulize ni kipi kinachomsumbua.