Pazia bila msumari: maswali ya wapangaji

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba msumari wa zege ndio unaokula amana za wapangaji wengi mjini. Maswali yamemiminika, na karibu yote yanatoka kwa watu wenye shida ileile: dirisha linamtazama jirani, mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, na pazia lilishanunuliwa Kariakoo kabla mtu hajapima chochote. Najibu ninayoyaweza kama fundi wa mapazia. Mambo ya nyufa za msingi na paa linalovuja mpelekeeni fundi ujenzi.

Shikamoo mama fundi. Nimehamia Sinza, chumba na sebule. Mkataba unasema ni marufuku kupiga msumari ukutani. Dirisha la sebuleni ni futi tano kwa tano na linaangaliana na baa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Achana na ukuta kwanza, tazama dirisha lenyewe. Nyumba nyingi za Dar zina nondo madirishani, na nondo ni chuma kilichochomelewa. Hubeba uzito ambao lipu ya kwako haiwezi kuubeba. Cha kujua ni kama nondo ziko ndani ya kioo au nje yake.

Zikiwa ndani, una bahati. Tafuta bomba jepesi la pazia, tai za plastiki wanazotumia mafundi umeme kufungia nyaya, vipande vitatu vya mbao vya inchi mbili kwa mbili, na tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi, ambayo fundi baiskeli wa mtaani atakupa kwa hela ya soda. Kata tyubu vipande vya urefu wa kidole, vizungushie kwenye nondo ya mlalo ya juu kabisa: kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja katikati. Juu ya kila mpira weka kipande cha mbao, juu ya mbao laza bomba, kisha funga vyote kwa tai mbili zilizopishana msalaba. Kaza, kata mikia. Mpira unazuia mbao kuteleza na unailinda rangi ya nondo, maana ikikwanguka tu kutu huanzia hapo.

Usiiruke mbao. Watu hufunga bomba likiwa limegusana na nondo, halafu wanashangaa pete za pazia hazipiti. Pete inazunguka bomba, kwa hiyo lazima nyuma yake pawe na nafasi. Tai ya katikati nayo itazuia pazia kupita, basi tumia mapazia mawili, moja la kushoto na moja la kulia, yakutane katikati. Siku ya kuhama unakata tai kwa mkasi na dirisha linabaki kama ulivyolikuta.

Nondo zikiwa nje na alumini ndani, mpango huo haufai, soma jibu la msomaji wa Tabata hapa chini. Ila usikubali fundi akutobolee fremu ya alumini. Tundu kwenye alumini halizibiki likapotea, na skrubu ikitokeza upande wa pili kioo hakitelezi tena.

Kuhusu hiyo baa: shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, peke yake haitakusaidia. Mchana inakuficha kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, mteja aliyekaa na chupa yake anakuona unavyokula ugali. Weka pazia zito nyuma ya shia, au ushone shia yenye bitana.

Dada, nilinunua fimbo ile ya kujibana yenye springi ndani, nikaiweka katikati ya kuta mbili za dirisha. Imeanguka usiku wa manane, mtoto kaamka analia. Muuzaji aliniambia inabeba pazia lolote. Niko Tabata.

Pole kwa mtoto. Muuzaji amekuuzia maneno. Hebu tupige hesabu pamoja, haina ugumu.

Dirisha la futi tano lina upana wa kama mita moja na nusu. Pazia likitaka kukaa na mikunjo mizuri, kitambaa kiwe mara mbili ya upana huo, yaani mita tatu. Urefu wa kufika chini tuseme mita mbili na sentimita kumi. Jumla ni mita za mraba 6.3. Kitambaa kizito cha pazia kinaweza kuwa na gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa hiyo umetundika karibu kilo mbili, bado pete. Shia ya gramu 70 kwa dirisha hilohilo haifiki hata nusu kilo. Fimbo ya kujibana haina kinachoishikilia isipokuwa msuguano wa vikofia vya mpira kwenye ukuta, na kadiri unavyoirefusha ndivyo inavyopinda katikati na kuanza kuteleza. Kwa hiyo fimbo hiyo ipe shia, au ipe pazia fupi la kuishia kwenye kizingiti cha dirisha. Zito usiipe.

Halafu kuna upepo. Alasiri upepo wa baharini ukiingia dirisha likiwa wazi, pazia linajaa kama tanga, na uvutaji huo unaweza kuzidi uzito wa kitambaa chenyewe. Kwa siku hizo lifunge pazia pembeni.

Kabla ya kuirudisha, pitisha kiganja pale vikofia vinapogusa. Kikitoka na unga mweupe, ukuta una vumbi la rangi, futa kwa kitambaa kibichi na uache ukauke kabisa. Kisha irefushe fimbo izidi nafasi ya dirisha kwa sentimita mbili tatu hivi, ibonyeze iingie kwa nguvu, na hakikisha iko mlalo kweli. Ikiinama upande mmoja hata kidogo, itateleza upande huo.

Mimi niko Kigamboni karibu na bahari. Ndoano za kubandika kwa gundi zinadumu siku chache zinadondoka na rangi yake. Kuna gundi kali zaidi?

Gundi kali zaidi itadondoka na kipande kikubwa zaidi cha rangi. Gundi yako ni nzima, imeshika vizuri kabisa, ila imeshika rangi, na rangi ndiyo haijaushika ukuta. Rangi ya maji ya bei ya chini iliyopakwa juu ya lipu yenye unyevu huachia kirahisi, na hewa ya kwenu ina unyevu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme.

Ndoano hizo ziweke kwenye vigae, kwenye fremu ya alumini au kwenye mbao iliyopigwa vanishi. Pafute kwanza kwa spiriti, bandika, ziache hadi kesho yake ndipo utundike kitu, na kitu chenyewe kiwe shia tu. Wakati wa kuzitoa, pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele uvute polepole kuelekea chini.

Na kwa kuwa uko pwani, nunua pete za plastiki au za chuma kisichoshika kutu. Pete za bei rahisi zikianza kutu zinachora duara la kahawia kwenye kitambaa, na doa la kutu halitoki kwa sabuni ya unga.

Shikamoo mama. Nina chumba kimoja Mbagala, nataka kutenganisha kitanda na sehemu ya kukaa wageni. Hakuna nondo upande huo, na sina hela ya mapazia ya dukani.

Marahaba. Kama chumba hakina dari na kenchi zinaonekana, shida imekwisha: zungusha kamba ya manila kwenye mbao ya kenchi, shusha vitanzi viwili, pitisha bomba. Kenchi haitobolewi wala haichubuki.

Kama kuna dari, usining'inize kitu kwenye dari. Tengeneza stendi. Chukua ndoo mbili ndogo za rangi zilizoisha, simamisha bomba la maji la plastiki katikati ya kila moja, jaza zege, na uache siku kadhaa likauke. Juu unaunganisha bomba la mlalo kwa viwiko. Nafasi ikizidi futi sita bomba la plastiki litalegea katikati, hapo tumia la chuma. Ndoo zivishe kitambaa, au ziweke nyuma ya kochi zisionekane. Ukihama unachukua ukuta wako unaondoka nao, kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukifanya.

Kitambaa? Kanga. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Doti mbili zikiunganishwa zinatosha kugawa chumba cha kawaida, ni nyepesi, na zinakauka haraka. Chagua jina la kanga kwa busara lakini. Mgeni atakaa kwenye kochi anasoma maneno yale muda wote wa chai, na mama mkwe naye anajua kusoma.

Nahama mwezi ujao kutoka Kimara. Niliyemrithi chumba alipiga misumari, na mimi nikaongeza miwili. Mwenye nyumba anasema atakata amana yote. Ana haki?

Ya miwili yako, ana hoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba ikiwa katika hali aliyoipokea, lakini haimbebeshi uchakavu wa matumizi ya kawaida. Rangi iliyopauka kwa jua ni uchakavu. Tundu ulilopiga kwa nyundo yako ni vigumu kuliita uchakavu. Ya yule aliyekutangulia si mzigo wako, tatizo ni ushahidi. Kwa wengine mnaosoma: siku ya kupewa funguo piga picha kila ukuta, mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo risiti yenu.

Kwako sasa, ziba yote kabla ya ukaguzi, yako na yasiyo yako. Ni kazi ya asubuhi moja. Ng'oa msumari kwa kuuzungusha kwa koleo, usiupinde kwa nyundo, lipu itatoka nao. Kwangua vipande vilivyolegea, pulizia vumbi litoke, lowanisha tundu kwa maji kidogo. Changanya puti ya ukutani au saruji nyeupe iwe nzito, sukumia ndani kwa kisu butu. Tundu refu lijaze mara mbili, kwa sababu mchanganyiko hunywea ukikauka. Kisha msasa laini. Na tafadhali, msizibe kwa dawa ya meno. Inaonekana safi siku moja, halafu inapasuka na kubadilika rangi, na wenye nyumba wa mji huu wanaijua mbinu hiyo tangu zamani.

Rangi mpya juu ya ukuta mkongwe itaonekana kiraka hata kopo likiwa lilelile. Paka ukuta wote wa dirisha kutoka kona hadi kona, jicho halitapata pa kulinganisha. Akiendelea kushikilia amana yote kwa ajili ya matundu ambayo hayapo tena, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha baraza la ardhi la kata mkasuluhishwe. Mara nyingi kutaja tu kwamba unaelekea huko kunalainisha mazungumzo.

Mwenye nyumba wangu Ubungo ameniruhusu nitoboe, ila kasema "usiniharibie". Fundi amekuja na misumari ya zege na nyundo. Nimkubalie?

Mrudishe. Juu ya dirisha, kwenye nyumba za tofali, kuna lenta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta wa juu. Msumari ukiigonga unapinda, fundi anapiga kwa hasira, na lipu iliyokaa juu ya zege inabanduka kipande cha ukubwa wa sahani. Umeona nyumba ngapi zina kovu hilo juu ya dirisha?

Anayefaa ana drili yenye mpigo, ncha ya kutobolea zege ya milimita nane, na fisha za kipimo hichohicho, zile plastiki zinazoshika skrubu. Skrubu iwe ndefu kupita lipu na kuingia kwenye zege au tofali, kwa hiyo sentimita tano hivi. Mwambie abandike utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa kutoboa ili rangi isichanike, na atoboe bila mpigo mpaka apite lipu. Muulize nyaya zimepita wapi. Hizi huwa zinapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, na usitoboe kwenye mstari huo. Vishikio viwili vinatosha bomba la futi tano kama pazia ni jepesi, likiwa zito weka cha tatu katikati. Na ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu.

Nyumba yetu Mbezi ina dari ya jipsam yenye boksi la pazia. Tunaweza kufunga reli humo?

Kama ndani ya boksi kuna mbao au chuma cha kushikia skrubu, ndiyo. Gonga kwa kidole usikilize: panapolia tupu ni jipsam pekee, unene wake ni kama sentimita moja, na pazia zito litashuka na boksi lenyewe. Muulize mwenye nyumba fundi aliweka nini ndani kabla hujanunua reli.

Na pazia la mlangoni, mama?

Hapo fimbo ya kujibana ndiyo mahali pake. Upana wa mlango hauzidi sana sentimita 90, na fremu ya mbao inashika vizuri kuliko ukuta. Iweke juu kabisa, upande ambao mlango haufungukii, na pazia liishie inchi mbili juu ya sakafu ili lisifagie mchanga wa viatu kila mtu anapopita.