Maswali na Majibu: Meli zenye mbio, ukuta mwembamba

Safari hii maswali yamemiminika kuhusu mchezo mmoja: Battlefleet Gothic, ule wa vita vya meli za anga mezani uliotolewa na Games Workshop mwaka 1999. Tena karibu wote mmeshika Eldar, mojawapo ya makundi ya meli unayoweza kuchagua, lenye mbio na ukuta (deraya) mwembamba. Minada ya korosho imepoa, watu wana jioni za kucheza.

Shikamoo mwalimu. Meli zangu zina mbio kuliko za mpinzani, lakini nikifika zamu ya tatu nusu zimeshateketea. Nakosea wapi? (Mikindani)

Marahaba. Nadhani unazitumia mbio zako kufika, ukasahau kuondoka. Eldar wana kitu ambacho wengine hawana: wanasogea, wanapiga, kisha wanasogea tena kabla zamu yao haijaisha. Kwa hiyo kabla hujagusa meli, tafuta kwanza mahali itakapolala baada ya mwendo wa pili. Ukikosa mahali pa kulala, usiende kupiga, hata kama windo limenona.

Mahali bora ni nyuma ya sayari au miamba ya anga. Pakikosekana, kaa nyuma kabisa ya adui. Manowari ya kawaida ya Imperial, kundi jingine la mchezo huu, ina topido mbele na mizinga ubavuni; mkiani haina kitu. Inakwenda sentimita 20, inageuka nyuzi 45 tu, tena baada ya kwenda mbele sentimita 10 kwanza. Mizinga ya Lunar, aina mojawapo ya manowari hizo, inafika sentimita 30. Ukikaa mkiani pake, kila anavyosonga mbele anazidi kukuacha. Akitaka kugeuka mara mbili lazima afaulu kete ya uongozi (inayopima umahiri wa meli yake), na hata akifaulu nguvu ya mizinga yake inakatwa nusu. Mwache ahangaike.

Jingine: usigawe risasi. Meli ya adui inapiga kwa nguvu ileile hata ikiwa imejeruhiwa kidogo, kwa hiyo meli tatu zilizochubuka ni hasara kwako. Elekeza kundi zima kwa moja. Akiamua kujikinga ili asizame, nguvu yake ya kupiga inapungua nusu mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata. Hapo umeshapata ulichofuata, hata kama meli haijalipuka.

Kaka, haya matanga ya jua yanayosukuma meli za Eldar yananichanganya. Jua likae upande gani? (Ligula)

Wewe mtu wa pwani unaniuliza hilo? Ngalawa inavyotaka kusi ubavuni, ndivyo na hizi. Ukielekea jua unakwenda polepole kuliko kote, jua likiwa nyuma unapata mwendo wa kati, likiwa ubavuni ndipo zinakimbia. Kwa hiyo kagua ni ukingo gani wa meza wenye jua kabla ya kupanga meli. Mashambulizi yakate meza kwa ubavu, na njia ya kutokea isiwe ya kurudi kwenye jua. Wengi hupanga shambulio zuri, wakaja kugundua kwamba kurudi ni kutambaa.

Mpinzani wangu ana kundi la Chaos. Mkiani hapanisaidii, ananipiga tangu sentimita 60. (Lindi mjini)

Chaos kweli wanafika mbali, na manowari zao zina mwendo wa sentimita 25, si 20. Lakini kupita sentimita 30 mizinga ya kawaida hupungukiwa kwenye jedwali la kupigia (linalosema urushe kete ngapi), na vivuli vya Eldar, yaani taswira za kumpoteza adui shabaha, vinaipunguza tena. Mizinga ya mwale haijali ukuta wala umbali, ikitoka 4 kwenda juu imepata, lakini vivuli hivyo hufuta pigo lake kete yako ikitoka 2 kwenda juu; kinachokuuma zaidi ni mizinga ya kawaida ukiwa karibu. Zijue meli zake zenye mizinga mingi ya kawaida, ndizo ziwe za kwanza. Ukibaki mbali mkirushiana, utashindwa. Yeye ana ngao na uhai wa kutosha. Jifiche zamu moja au mbili mpaka mstari wa meli zake utawanyike, kisha mrukie yule wa pembeni ambaye wenzake hawawezi kumfikia.

Meli zenyewe tunapata wapi huku kwetu? (Masasi)

Kampuni iliacha kuziuza zamani. Kateni kadibodi, andikeni jina, chini wekeni kizibo cha soda chenye mshale wa mbele. Kupimia, futi ya fundi cherehani inatosha. Mpinzani asiyekubali kadibodi mtafutie mchezo mwingine.

Ndugu, kwa pointi 750 (ndizo bei ya meli mchezoni) ninunue manowari kubwa au meli ndogo nyingi? (Nachingwea)

Ndogo. Kila moja ina uhai mmoja tu, kwa hiyo zitakufa, usizionee huruma. Ila ziweke kwenye vikosi vya tatu au nne, viwili vyenye topido na kimoja cha mizinga. Topido zitangulie: zimlazimishe adui achague kugeuka au kupigwa, na vyovyote atakavyochagua, kikosi cha mizinga kiwe kimeshakaa upande atakaoufungua. Manowari kubwa iongeze ukifika pointi 1,000, mkono ukiwa umeshazoea.