Iueni kwanza, ndipo muitoe

Ndugu yangu, umeuliza kama hifadhidata yenu huria iko tayari kutolewa, kwa kuwa majaribio yote yanapita. Bado. Hayo yanaonyesha tu kwamba inafanya kazi mambo yakiwa shwari.

Iacheni iandike miamala (mafungu ya mabadiliko yanayohifadhiwa yote au yasihifadhiwe kabisa) mfululizo, kisha muiue kwa kill -9, amri ya kuizima papo hapo, katikati ya COMMIT, yaani inapothibitisha muamala. Iwasheni tena mhesabu safu za data: kila muamala uliothibitishwa lazima uwepo, na ambao haukukamilika usiache hata alama. Rudieni usiku kucha, mara elfu. Halafu jazeni diski hadi pomoni muone inasemaje.

Na fsync, yaani ombi kwa mfumo endeshi kwamba data iandikwe diskini kweli, ikirudisha kosa, msiijaribu tena mkaendelea. Mwaka 2018 wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL walibaini kwamba kwenye Linux jaribio la pili laweza kujibu kwamba mambo ni sawa ilhali data imeshapotea. Ndiyo maana sasa seva yao hujiangusha na kurejesha data kutoka kwenye logi, yaani faili inayorekodi mabadiliko.

Toeni beta, yaani toleo la majaribio, bila kuongeza kipengele kipya humo. Ila muundo wa faili za diskini uamueni sasa hivi, tafadhali. Watu wakishaweka data zao, kuubadilisha ni kuwatesa.