Shingo iliumia, uso ukafa ganzi: niliyoyajua nikiwa nimeshachelewa

Naandika hii kwa ajili ya wewe ambaye ukishika shavu hulisikii, alafu usiku shavu hilo hilo linakupiga shoti mpaka unakaa kitandani, na kila ukimwambia mtu anakuangalia anasema mbona uko sawa tu. Najua inavyouma kutoaminiwa. Mimi huu ni mwaka wa tatu. Gari nililopanda liligongwa kwa nyuma, kichwa kikaenda mbele kikarudi kwa nguvu, shingo ikauma kama wiki mbili nikaona yameisha, sasa siku moja nanawa uso nikashtuka maji nayasikia upande wa kulia tu, kushoto ni kama nanawa uso wa mtu mwingine.

Nilipokosea mimi ni kwenye maneno. Nilikuwa nikifika kwa daktari nasema kichwa kinauma, jino linauma, basi napewa dawa za maumivu za kawaida narudi nyumbani, na nusura ning'olewe jino la nyuma ambalo lilikuwa zima kabisa. Maumivu ya neva, yani mishipa ya fahamu, hayafanani na ya msuli au kidonda na zile dawa za kawaida mara nyingi haziyagusi. Kwa hiyo usiseme "inauma" ukanyamaza. Sema ni shoti ya sekunde chache au ni moto unaowaka kutwa, maumivu yanaanzia wapi yanaishia wapi, yanaamshwa na nini, upepo, mswaki, kutafuna au kugeuza shingo, na tafadhali taja kwamba uliwahi kuumia shingo hata kama imepita miezi na mwenyewe unaona haihusiani. Mimi mwishoni nilichapisha picha ya uso wangu nikaichora kwa kalamu, nyekundu panapochoma, bluu penye ganzi. Daktari wa mishipa ya fahamu aliiangalia sana ile picha, alafu akainuka akaanza kunishika shingo pingili kwa pingili. Ndo alikuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Alinieleza hivi. Hisia za uso zinabebwa na neva ya 5 kati ya zile jozi 12 za kichwani, ina matawi matatu, la paji na jicho, la shavu, na la taya. Sasa kituo kinachopokea maumivu ya neva hiyo kinashuka mpaka ndani ya uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo, na hapo hapo ndo neva za juu za shingo nazo zinaingia, kwa hiyo shingo ikiumia uso unaweza kulipuka. Na ile ngozi ya kwenye pembe ya taya chini ya sikio inategemea neva za shingo moja kwa moja. Nililia siku ile, yani kumbe sijachanganyikiwa.

Dawa nilianza na amitriptilini kidogo usiku, baadae gabapentini ikipandishwa taratibu. Zilichukua wiki kadhaa kufanya kazi, usikate tamaa siku ya nne, na usiziache ghafla bila daktari. Kuna wanaopewa karbamazepini, hiyo ukiona vipele tu mwilini wahi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ila watu wanaongelea maumivu wanasahau ganzi, na ganzi ndo imenijeruhi zaidi. Siku moja nakunywa chai, mwenzangu akanikazia macho mdomoni, kwenda kwenye kioo nakuta malengelenge yameshatoka pembeni mwa mdomo wa kushoto, sikusikia chochote. Tangu hapo kila cha moto nakionja kwanza kwa upande wa kulia unaosikia. Nikimaliza kula nasukutua maji maana chakula kinabaki shavuni bila mimi kujua, na nikijing'ata najua kwa ladha ya damu. Kama ganzi imefika kwenye jicho usifanye mzaha kabisa, vumbi linaweza kukwaruza kioo cha jicho na usisikie, liangalie kila asubuhi na jioni, likiwa jekundu au ukungu nenda. Na usiweke kitambaa cha moto mahali pasiposikia.

Shingo usimpe mtu akaizungusha mpaka ialike. Nenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, baada ya vipimo.

Na kuna ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo: uso kupinda ghafla, maneno kutotoka vizuri, kuona vitu viwili, kizunguzungu kikali, kushindwa kumeza, mkono au mguu kulegea, kushindwa kuzuia haja, au maumivu mapya makali ya shingo pamoja na ganzi usoni. Mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika kwa ajali, na unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadae. Usilale ukisema ntaangalia kesho.

Nyumbani kilichotusaidia ni kitu kidogo sana. Shoti ikija siwezi kuongea, kufungua mdomo tu kunaiamsha upya, na zamani mke wangu alikuwa anauliza nini nini mpaka wote tunagombana. Sasa nikiinua kiganja tu anajua, haulizi, anafunga dirisha na kukaa pembeni yangu mpaka nikishushe.