Ali Mazrui, msimulizi aliyekuwamo ndani ya hadithi yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mtangazaji gani wa historia kwenye televisheni aliyekubadilisha mawazo? Wangu hakuwa mtangazaji kwa kazi, wala hakusomea historia. Ni Profesa Ali Mazrui, mtaalamu wa siasa, ambaye mwaka 1986 alionekana BBC ya Uingereza na PBS ya Marekani katika vipindi tisa vilivyoitwa The Africans: A Triple Heritage. Mimi nilivitazama miaka mingi baadaye, kwenye kanda iliyochakaa, sauti ikikatika kila mara. Nilimaliza vyote.

Hoja yake ni kwamba Mwafrika wa leo ana urithi wa namna tatu: mila za wenyeji, Uislamu, na mambo ya Magharibi pamoja na Ukristo wake. Wazo lenyewe halikuanza naye. Kwame Nkrumah alishaliandikia katika miaka ya 1960. Lakini kwa Mazrui halikuwa somo la darasani. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukoo wao ndio ulioitawala Mombasa mpaka Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipowang'oa mwaka 1837, na makao yao yalikuwa Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno. Ngome ya Wakristo, watawala Waislamu wenye asili ya Omani, mji wa Waswahili: aliyekulia hapo haambiwi urithi mara tatu maana yake nini.

Safari yake ya masomo ilianza vibaya, na sehemu hii huwa nawasimulia vijana waliovunjika moyo. Mtihani wa Cambridge, wa kumaliza sekondari, alipata daraja la tatu. Makerere ikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu palepale Mombasa, na kilichomtoa hapo ni ulimi: mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba gavana wa Kenya alimsikia akihutubia siku ya kuzaliwa Mtume, na mlango wa kwenda Uingereza ukafunguka. Akapita Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi Makerere ileile, safari hii akiwa profesa. Utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke, akahamia Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1979 BBC ikampa mihadhara yake ya kila mwaka kwenye redio, iitwayo ya Reith, sita kwa jumla, kuhusu hali ya Afrika. Nadhani huko ndiko alikojifunza kuzungumza na msikilizaji asiyemwona.

Televisheni ilimletea makelele. Mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia masomo ya utamaduni na falsafa ulikuwa umechangia zaidi ya dola 600,000. Mkuu wake mpya, Lynne Cheney, alipovitazama vipindi alikasirika: aliona kila tatizo la Afrika limetupiwa nchi za Magharibi. Akaagiza jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya waliosaidia. Jibu la Mazrui lilikuwa jepesi: aliombwa aieleze Afrika kama ionekanavyo kutoka ndani, sasa mbona watu wanashangaa kutokuta maoni ya Mmarekani?

Hapo niko naye kabisa. Tumezoea sauti ile isiyo na mwenyewe, inayosimulia historia kana kwamba imeshuka na mvua. Mazrui alikuwa na uso, lafudhi na upande, na ukitaka kumpinga ulijua pa kumshika.

Na walimshika. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alimshutumu kwamba dini za asili za Waafrika amezidunisha mbele ya Uislamu, wakarushiana makombora marefu katika jarida la Transition. (Jarida hilo lilianzishwa Kampala, na Mazrui aliwahi kuliandikia tangu enzi zake za Makerere, kwa hiyo ni kama waligombana sebuleni kwake.) Mimi naona Soyinka alikuwa na haki kwa sehemu. Ukiongeza suala la utumwa wa pwani, Mazrui alikanyaga taratibu mno, naye ni mjukuu wa watu waliomiliki watumwa. Kusimulia kutoka ndani kuna gharama yake: kuna vyumba vya nyumbani ambavyo mtu hapendi kuviwashia taa.

Kinachonichekesha ni yaliyotokea mwaka 1999. Henry Louis Gates, profesa Mmarekani mweusi, alitengeneza vipindi vyake kuhusu Afrika, kimojawapo kuhusu pwani yetu, akiwahoji Waswahili kama wao ni Waafrika au ni nini. Safari hii mkosoaji mkali alikuwa Mazrui. Alilalamika hasa kwamba mzigo wa biashara ya watumwa umewaelemea Waafrika wenyewe. Yule aliyewaambia Wamarekani wavumilie maoni ya mwenye nyumba, sasa alikuwa akimtazama mgeni akizungusha kamera sebuleni, na uvumilivu ukamwishia.

Alifariki Marekani Oktoba 2014. Akarudishwa Mombasa, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome ya Yesu.