Maswali ya Wasomaji: Machale Yakimcheza Muuguzi

SWALI: Kwenye chati mgonjwa hana tatizo: presha, joto na oksijeni viko sawa. Lakini machale yananicheza kwamba hali yake inaharibika. Nimwite daktari kwa hisia tu?
Muuguzi, wodi ya upasuaji

JIBU: Mwite. Ila kwanza rudi kitandani utafute kilichokushtua, kwa kuwa jicho zoefu huona mabadiliko kabla hujaweza kuyaeleza. Mara nyingi ni pumzi. Zihesabu dakika nzima bila kumwambia, maana akijua atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Chati nyingi huandikwa 18 zamu baada ya zamu kwa kukisia tu, na mgonjwa aliyefika 26 hupita hivihivi. Tabia hiyo inaua.

Kisha mguse. Minya ncha ya kidole sekunde 5, achia; rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri. Angalia mkojo: mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, kuna jambo. Muulize yuko wapi na leo ni siku gani.

Oksijeni ya asilimia 97 isikutulize kama ana barakoa ya oksijeni usoni. Anayetumia propranolol, dawa inayopunguza kasi ya moyo, huenda mapigo yasipande, na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa.

Kwenye simu, taja kilichobadilika na unachoomba: "Kitanda cha 4, siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Saa mbili zilizopita alipumua mara 18, sasa 26. Vidole vya baridi, mkojo mililita 20 kwa saa. Naomba uje sasa." Usipopata kitu na wasiwasi haujaisha, mweleze hivyohivyo, andika kwenye faili, na upime tena baada ya dakika 15.

SWALI: Mimi ni mgeni kazini, machale hayo sina. Nifanyeje?

JIBU: Patricia Benner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani aliyeeleza ngazi 5 za ustadi wa uuguzi mwaka 1984, aliiweka hisia hii kwa wabobezi. Kwa sasa fuata chati kikamilifu. Kila unapomfikia mgonjwa, mtazame, kadiria pumzi zake, halafu hesabu ulinganishe. Na jihadhari na hisia inayokutuliza, kama "huyu kazi yake kulalamika": maumivu yakihama au yakimwamsha usingizini, mpime upya.