Zimwi la bibi lilikaanga mihogo

Wiki hii mmeuliza kwa nini watu wazima hupenda hadithi za majini na wachawi zisizo na vita, ambamo hakuna hata dunia ya kuokolewa. Namjibia bibi yangu wa Wete, Pemba.

Msimu wa karafuu, baada ya Isha, tulikaa jamvini tukichambua. Unashika kishada, unakisokota kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vinanuka mpaka asubuhi. Bibi akiita "Paukwa!" tunaitika "Pakawa!" Zimwi lake lilichoka kula watu, likawa linakaanga mihogo bandarini. Balaa kubwa kuliko yote ilikuwa mafuta kuisha na jirani kukataa kukopesha. Tukiuliza "Kisha?" hujibu: "Kisha likapata mafuta. Chambua."

Juzi nimesoma Legends & Lattes cha Mmarekani Travis Baldree, kilichotoka 2022. Viv, jitu la kike lililoishi kwa upanga, anaacha kazi hiyo, anakarabati banda la farasi na kufungua mkahawa katika mji ambao watu hawaijui kahawa. (Wazee wa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, wangesema huo ndio uchawi wenyewe!) Kurasa nzima zinakwenda kwa useremala, kungoja mteja wa kwanza, na mikate ya mdalasini.

Nilikisoma kwenye boti, kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, kusi limechachamaa, tumeshagawiwa mifuko ya kutapikia. Televisheni ya boti nayo inaonyesha sinema ya bunduki, sauti juu. Bi mkubwa aliyekaa ubavuni mwangu, tasbihi mkononi, akauliza: "Hawa nao hawana kwao?"

Sisi tangu meli ilipozama Septemba 2011 ikija Pemba, mkondo ule tunauvuka kwa dua. Hatari ya kubuni ya nini, na ya kweli naikatia tiketi?

Wapo wanaosema hadithi hizi ni za kukimbia maisha. Mimi naona vitabu vya vita ndivyo vinavyokimbia: jeshi linakwenda mwezi mzima na hatuambiwi nani alipika. Kwa Viv, kupika ndiyo hadithi. Nakiri, zikifuatana nyingi hukinaisha, kama kashata ya tatu.

Bi mkubwa akataka kujua nasoma nini kinachonichekesha baharini. Nikamsimulia jitu, upanga, banda, mkahawa. Akasikiliza kimya, macho kayafumba. Tulipokaribia bandari ya Malindi, Unguja, akayafumbua.

"Na hicho kikombe anauza shilingi ngapi?"